Aliye Juu Asinyamaze

Kamishna Leodegar Ndunguru alijua kulia. Haki yake apewe. Wapo waheshimiwa wanaolia kama mbuzi aliyebanwa mkia mlangoni. Wapo wanaojikamua wee, mishipa ya shingo ikasimama kama mizizi, na tone lisitoke. Yeye la. Machozi yalimtiririka taratibu, shavu hili na shavu hili, kidevu kikimcheza kama cha mtoto aliyenyimwa andazi, na kikombe cha kioo juu ya mashine ya kupima machozi kikawa kinajaa rangi ya samawati, mstari baada ya mstari.

Sikudhani Mfaume alikaa kwenye kigoda kando yake, kamba mkononi, mdomo umefumbwa. Kazi yake ilikuwa hiyo: kukaa, kushika, kufumba. Msindikizaji, ndivyo kitambulisho kilivyosema. Kule kwao Kambani walimwita mlinzi wa kamasi za wakubwa, na yeye hakuwa na hoja ya kuwapinga.

Sheria ya Kusoma Kwanza ndiyo iliyotaka hivyo. Mkubwa yeyote asiwahamishe watu, asiwafungie zahanati, asiwapitishie barabara sebuleni, kabla hajasoma riwaya iliyoandikwa na watu hao hao. Na kusoma kwenyewe si kwa macho. Anavuliwa koti, anavishwa Ngozi: vazi jembamba la kijivu, limefumwa kwa nyuzi zinazogeuza maneno kuwa mwili. Pakiandikwa baridi, anatetemeka. Pakiandikwa mzigo, bega linamshuka. Pakiandikwa njaa, tumbo la mtu aliyekunywa chai kwa mayai matatu linaanza kulia kama paka. Kamba ya msindikizaji imefungwa kifuani pa hiyo Ngozi, ili msomaji akizama mno pawe na mtu wa kumrudisha.

Waliotunga sheria hiyo walikuwa watu wema, na miaka ya mwanzo wema wao ulizaa. Mkubwa alikuwa akiingia na amri ya kubomoa mfukoni, akitoka anaichana. Kisha wakubwa wakaizoea Ngozi kama mlevi anavyoizoea gongo. Wakagundua kwamba sheria haisemi uache kubomoa. Inasema usome, na mashine ihakikishe umeguswa. Kikombe kikijaa machozi ya kweli, mashine inatema kibali. Basi wakajifunza kulia. Asubuhi wanasoma, wanalia, wanapenga. Adhuhuri matingatinga yanaguruma. Na utamlaumu vipi mtu aliyekulilia?

Leo zamu ilikuwa ya Kambani. Kitabu kilikuwa *Kamba ya Shomari*, alichokiandika Bi Siwatu, mama yake Sikudhani, kabla mapafu hayajamshinda. Ni riwaya ya watapishaji vyoo wa zamani, zama za nyapara na ndoo, watu waliokuwa wakishushwa mashimoni kwa kamba ili mji upate kwenda haja kwa amani, na mji ukawashukuru kwa kuwaita vyura na kuziba pua.

Sikudhani hakuwahi kukisikia kitabu hicho kwa Ngozi. Ngozi ni mchezo wa nyumba zenye lifti. Yeye alikijua kwa karatasi, tena kwa sauti ya mama yake, aliyekuwa akiandika jikoni huku ugali unaungua, akisoma sentensi kwa nguvu na kugombana nazo. Sasa alikuwa anakipata kwa mwangwi tu, kupitia kamba, kama mtu anayesikiliza ngoma ya jirani ukutani.

Ikafika sura ya shimo. Shomari anashushwa. Sikudhani akakaza kiganja na kutabasamu kabla ya wakati, maana hapa ndipo bibi yake, Bi Havijawa, mshika kamba, anapoanza kumtukana Shomari.

Akangoja.

Hakuna tusi. Hakuna Bi Havijawa. Shomari alikuwa anashuka kimya, kama ndoo.

Mtu wa kawaida angeona ni jambo dogo. Mtu wa Kambani angeona amevuliwa nguo sokoni. Kazini kwao mshika kamba hanyamazi. Anamtania aliye chini, anamtajia mama, anamcheka miguu, na aliye chini sharti ajibu. Si ufedhuli, ni pumzi. Hewa ya shimo haipigi hodi. Inamlaza mtu polepole kama usingizi wa mchana. Jibu likichelewa, vuta. Jibu likiwa la kipumbavu kuliko kawaida yake, vuta haraka zaidi. Ndiyo sababu watoto wa Kambani hujua matusi kabla ya sala, na kanuni yao ni moja: aliye juu asinyamaze.

Na Shomari wa kitabuni, ambaye kweli aliishi, na kweli alikuwa na mke na mguu mmoja mfupi, alikufa kwa sababu aliye juu alinyamazishwa. Bwana mkubwa alikuwa na wageni mezani. Nyapara akatoka mbio, akamwambia Bi Havijawa, "Fumba hilo domo, watu wanakula." Akafumba. Mama alikuwa ameandika ukurasa mzima wa kimya hicho, sahani zikigongana kwa mbali, mpaka kamba ikawa nzito.

Ndani ya Ngozi hapakuwa na sahani. Hapakuwa na wageni wala nyapara. Shomari alishuka, akateseka, akaishiwa hewa, akafa. Basi. Kama vile umaskini ni mvua, unanyesha tu, na hakuna mtu aliyekuwa anakula.

Kikombe kikasimama. Kamishna akafumbua macho, akageuza shingo kuitazama mashine. "Haijajaa?"

"Robo imebaki, Mheshimiwa," akajibu Akwilina Tarimo, fundi wa Ngozi, bila kuinua uso. "Haya yalikuwa majaribio tu. Ya kweli ni Alhamisi."

"Kosa si la kitabu." Kamishna alijipangusa kwa leso iliyopigwa pasi. "Nimekisoma mara nyingi mno, dada Sikudhani. Nyumbani tunakisoma kwa Ngozi na mama watoto, tunashikana mikono. Mama yako alikuwa malaika. Shomari ni ndugu yangu. Nasema kwa dhati kabisa, mimi na nyinyi ni kitu kimoja."

"Karibu sana Kambani, ndugu. Ndoo yako ipo."

Kamishna akacheka sana, maana alikuwa mtu mcheshi, akamshika mkono akampeleka kwenye meza ya pembeni kumwonyesha mfano mdogo wa Bustani ya Kumbukumbu ya Watapishaji. Wapenzi wa riwaya, mji mzima, walikuwa wameomba mahali pa kwenda kulia kwa pamoja. Na mahali penyewe pawe pale pale pa kweli. Tatizo la pale pa kweli ni kwamba pana watu.

"Sanamu ya Shomari, ya shaba," akaonyesha kwa kidole chenye pete. "Na haya mashimo ya zamani tunayawekea vioo. Ndani maji safi. Samaki wa rangi."

"Na watu wa Kambani?"

"Nyuma ya kiwanda cha chumvi. Kuna upepo mzuri sana kule."

"Yaani mmetupenda mpaka hatuna pa kukaa."

"Usiseme hivyo, dada yangu, utaniliza tena."

"Lia, Mheshimiwa," akasema Sikudhani. "Robo imebaki."

*

Karakana ya Ngozi ilinuka nywele zilizoungua. Akwilina alikuwa anamenya karanga juu ya Ngozi iliyopasuliwa tumbo. Yeye na Sikudhani walikuwa mashoga wa miaka. Waliwahi kugawana chumba, kanga na, kwa muda mfupi usiosemwa, mchumba.

"Nani kamtoa bibi yangu kitabuni?" Sikudhani aliuliza kabla hajaketi.

Akwilina akaacha karanga. "Siku, kaa kwanza."

"Nimekaa asubuhi nzima. Nani kamtoa?"

"Mimi." Alisema kama mtu anayetema mfupa. "Vicheko vinakausha. Tulipima. Msomaji akicheka mwili unalegea, machozi yanarudi yalikotoka. Wale wa kwanza kukijaribu walipofika kwenye matusi ya bibi yako, mmoja alicheka mpaka akapasua Ngozi kwapani. Kikombe kikavu. Na kitabu kisichojaza kikombe hakiingii Rejesta ya Kusoma Kwanza. Wakaniambia nikate, au kitabu cha mama yako kisisomwe kabisa."

"Sawa. Na nyapara? Naye alikuwa anachekesha?"

Akwilina akatazama karanga.

"Nakuuliza nyapara, Akwi. Na wageni. Na zile sahani."

"Nyapara anakasirisha," akasema kwa sauti ndogo. "Hasira nayo inakausha. Zaidi ya kicheko."

"Kwa hiyo mkabakiza nini?"

"Huzuni."

"Huzuni ya nani? Mmemwondoa muuaji, mmeondoa mwenye mdomo, mmebakiza maiti. Mama yangu aliandika watu, wewe umewauzia maiti inayoelea!" Alipiga meza, karanga zikaruka. "Miaka yote hii wanamlilia Shomari bila kujua kuna aliyemuua. Ndiyo maana wanalia vizuri. Hakuna anayemnyooshea kidole!"

Akwilina hakujitetea, na hilo likamkera Sikudhani zaidi, maana mtu asiyejitetea humnyima mwenzake raha ya kumpiga. Badala yake akasema, "Kuna baya zaidi. La Alhamisi."

Kamishna alikuwa ameomba shimo liongezwe. Kila Ngozi huwa na kifuniko, kizuizi kinachokata mateso yakifika pale ambapo mwili utaanza kuyaamini. Yeye alitaka kifuniko kitolewe. Alitaka pia taa nyekundu ya hatari izimwe, maana iliwahi kuwaka mapema wakamtoa akiwa bado na robo.

"Mwili wake utaamini kabisa kwamba hauna hewa," Akwilina akasema. "Ametia saini mwenyewe."

"Atakufa?"

"Kwa moyo ule wa mtu anayekula vizuri? Sioni atakavyopona."

"Nikimvuta?"

"Ukimvuta ghafla kutoka kina kile, moyo unakatika hapo hapo. Lazima kwanza arejee, ajijue ni nani. Na kumrejesha ni kumsemesha. Na kumsemesha unajua kunaleta nini."

Alijua. Ilikuwa kanuni ya kwanza kufundishwa. Msindikizaji akiingiza sauti yake kwenye kamba, usomaji umebatilika na kitabu kimetiwa doa. Kinafutwa kwenye Rejesta. Nakala zote zinakusanywa, za Ngozi na za karatasi, mpaka ile iliyolala kabatini kwa marehemu mwenyewe. Na watu waliofutiwa kitabu hawaguswi, hawahamishwi wala kubomolewa, mpaka waandike kingine, kwa kuwa serikali haiwezi kujua wanaumia wapi.

Lakini kulikuwa na kifungu kingine, na wote wawili walikifikiria kwa wakati mmoja, wakaepa kutazamana. Amri ni ya aliyesoma. Msomaji akifa, amri inakufa naye.

*

"Chande wee! Huko chini umeshaoa?"

"Nimemposa mama yako, ananisumbua mahari!"

"Mama yangu marehemu, mpumbavu wewe!"

"Ndiyo maana anasumbua!"

Jumatano Sikudhani hakuwa na zamu ukumbini, akaenda kumshikia kamba Chande Mbwana, mtani wake tangu walipokuwa na meno ya maziwa. Mashine za mji zilikuwa zinanyonya maji taka yote, ila matangi ya kale chini ya hoteli kubwa yalikuwa na kona, na mashine haijui kona. Chande alijua. Alikuwa huko chini na koleo, taa kichwani, na sauti yake ikipanda na harufu.

Alimsimulia yote kwa kupiga kelele, tusi moja, habari moja, ili kazi isisimame.

"Subiri," Chande akasema kutoka gizani. "Sheria inasema unyamaze?"

"Inasema, kichwa cha kinu wewe!"

"Basi nyamaza! Kwani kutii ni kosa? Nyapara alimwambia bibi yako anyamaze, mtu akafa, hakushtakiwa hata panya. Leo wao wenyewe wamekuambia unyamaze. Watii! Wewe si raia mwema, makalio ya chapati?"

"Ni mtu, Chande."

"Mimi je, ni bamia? Akifa, nyumba zimebaki. Kitabu cha mama kimebaki. Na sanamu tutamjengea, ya shaba. Na samaki wa rangi!"

Sikudhani akacheka, na kicheko kikamchoma ubavuni kama pumzi ya mtu aliyekimbia. Kwa sababu Chande alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi kwa njia tamu. Hapangekuwa na kisu wala sumu. Angekaa tu kwenye kigoda na kufanya kazi anayolipwa kuifanya. Kukaa, kushika, kufumba. Akajiona mazishini, amevaa kanga nyeusi, anapewa pole. Akajiona anarudi nyumbani, anafungua kabati, kitabu kipo. Akakiona kidevu kile kinachocheza, kikitulia...

"Siku?"

...kikitulia, na leso iliyopigwa pasi...

"Siku! Mbona umenyamaza? Siku wee!"

Sauti ilikuwa imeishiwa mzaha. Kamba ikatikisika, koleo likaanguka, na Chande akatoka mwenyewe mdomoni mwa tangi kwa viwiko na magoti, amelowa mpaka kifuani, macho kama sahani. Alikaa pembeni akihema. Mtu aliyeshuka matangi tangu ujana wake alikuwa anatetemeka kwa sababu ya kimya.

"Usinifanyie hivyo tena," akasema.

"Nilikuwa nafikiri."

"Fikiri huku unatukana!"

Sikudhani hakuiachia kamba. Aliizungusha kifundoni mwa mkono, akangoja, kama desturi inavyotaka. Aliyepanda hutoa tusi kabla ya kunawa, ili aliye juu ajue kwamba akili nayo imepanda, haikubaki chini. Asipolitoa, anahesabiwa bado yumo shimoni, hata kama amekaa juani anakula muhogo.

Chande akamkazia macho, akavuta pumzi. "Una sura kama kitumbua kilichokaliwa."

Sikudhani akaiachia kamba, akampa maji.

*

Alhamisi asubuhi ukumbi ulijaa. Nyuma ya ukuta wa kioo walikuwa wamekaa wafadhili wa bustani na wapenzi wa riwaya, kila mmoja na leso yake, wamependeza kama wanaokwenda harusini. Kamishna alivuliwa koti, akavishwa Ngozi, akambana Sikudhani mkono.

"Leo nitafika," akamnong'oneza. "Leo nitamfikia Shomari."

"Msalimie," akasema Sikudhani.

Sura zikapita. Njaa ikapita, baridi ikapita, kudharauliwa kwa mke wa Shomari kisimani kukapita, na kikombe kikapanda bila shida. Kisha shimo. Kupitia kamba Sikudhani akaupata mwangwi wake, na nywele zikamsimama. Akwilina alikuwa amefanya kazi yake. Giza lilikuwa na uzito. Kamishna akaanza kuhema kwa mdomo. Vidole vikajikunja. Midomo ikageuka rangi ya jivu, na machozi, hata sasa, yalikuwa yanashuka pande zote mbili sawasawa. Kikombe kikakaribia ukingo.

Taa nyekundu ilikuwa giza. Akwilina alikuwa anamtazama yeye, si mashine.

Nyamaza, inasema sheria. Nyamaza, kasema Chande. Fumba hilo domo, kasema nyapara, watu wanakula.

Sikudhani akatazama nyuma ya kioo. Walikuwa wanalia wote. Mama mmoja amejiegemeza kwa mumewe, bwana mmoja amejipiga kifua. Akadhani wanamlilia Shomari, kisha akaangalia vizuri macho yao yalikoelekea. Walikuwa wanamlilia Leodegar. Tazama anavyoteseka kwa ajili yao! Tazama moyo ule!

Hapo akaiona kesho yote kama mfano ule wa mezani. Leodegar anakufa na kikombe kimejaa. Leodegar, aliyewapenda wanyonge mpaka akafa kitabuni mwao. Sanamu ya pili kando ya ile ya kwanza, ndefu zaidi. Watoto wa shule wanaletwa kuiona. Nyumba za Kambani zingebaki, ndiyo, na katikati yake mtakatifu wa shaba, na hakuna kizazi ambacho kingemwuliza swali. Atakufa mwema. Ataondoka na wema wote, na wao watabakiwa na harufu.

Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Haikuwa huruma, asije mtu akasema ilikuwa huruma. Akaivuta kamba mdomoni.

"Wee Leodegar! Wee mwenye kichwa kama kinu cha kuazima! Nani kakuruhusu kufa ndani ya kitabu cha mama yangu?"

Nyuma ya kioo watu wakasimama. Kengele ikalia mahali. Akwilina alifumba macho, na hakuigusa mashine.

"Unalia nini? Shimo si lako, kinyesi si chako, hata kamba umeazimwa! Miguu kama mshikaki uliokimbiwa na nyama! Jibu! Jina lako nani?"

Midomo ya jivu ikatikisika. "Shomari," ikasema.

"Mwongo! Shomari alikuwa na mdomo. Shomari angeshanitajia ukoo mzima! Jina lako nani?"

"Shomari... sina hewa..."

"Shomari aliuawa! Aliyemshikia kamba alifumbwa mdomo kwa sababu kuna watu walikuwa wanakula. Umesikia, tumbo la sherehe? Watu walikuwa wanakula! Yule chini ni Shomari. Yule mwenye kamba ni bibi yangu. Yule anayepiga kelele ni nyapara. Wewe ulikuwa wapi?"

Kimya. Mkono wa Kamishna ukalegea, ukaanguka pembeni ya kiti. Sikudhani akapiga magoti, kamba imemkata kiganja, sauti imempasuka.

"Ulikuwa wapi, Leodegar? Usiniondokee! Jibu kwanza, ndipo ufe! Ulikuwa wapi?"

Kamishna alikaa huko chini kitambo kirefu. Kisha jibu likapanda, dogo, kavu, na halikuwa la Shomari.

"Mezani," akasema. "Nilikuwa mezani."

"Jina lako?"

"Leodegar."

"Weka mguu ukutani, Leodegar. Nakuvuta."

Akamvuta taratibu, anavyovutwa mtu, huku anamtukana mpaka mwisho, mababu na mabibi, mpaka kifua cha yule bwana kikapanda kwa kishindo na hewa ya ukumbi ikamwingia kama kofi. Juu ya mashine samawati ilikuwa inashuka, mstari baada ya mstari, mpaka kikombe kikawa kioo kitupu. Hakuna kibali. Na kwenye ukuta wa Rejesta, ambapo kila kitabu kina taa yake, taa moja ya njano ikafifia, ikazimika. Mama yake alikuwa amekufa mara moja kwa mapafu. Hii ilikuwa mara ya pili, na safari hii mkono ulikuwa wa mwanawe.

Kamishna alikuwa sakafuni, Ngozi imekunjamana mapajani mwake kama nepi. Aliushika mkono wa Sikudhani kwa mikono miwili.

"Asante," akasema. "Asante, dada. Umeniokoa."

Sikudhani alizungusha kamba kifundoni, akangoja.

"Asante sana. Sijui niseme nini."

"Sema kingine."

"Mungu akubariki. Nyinyi ni watu wa ajabu. Asante."

Alingoja tena. Alingoja kuliko anavyongojwa mtu. Na yule bwana, asiyejua anangojewa nini, akaanza kulia: vibaya, kwa sauti, kamasi mpaka kidevuni, kama mbuzi aliyebanwa mkia mlangoni. Mashine ilikuwa imeshazimwa. Hapakuwa na cha kuyapima machozi yale.

Sikudhani akaifungua kamba kifundoni, akamkabidhi Akwilina.

"Mshikie," akasema. "Wala usiiachie."

*

Wakusanyaji wa nakala walifika Kambani kabla yake. Walikuwa vijana wenye adabu, wamevaa glavu. Sikudhani alikitoa kitabu kabatini mwenyewe, hakutaka mikono yao iguse nguo za mama. Kilikuwa kimevimba kwa mvuke wa jikoni, na kwenye sura ya shimo palikuwa na alama ya kidole chenye mafuta. Akawapa. Yule mdogo wao akakitia kwenye mfuko wa plastiki kama nyama ya sadaka, akasema, "Pole, mama. Mimi mwenyewe kilinigusa sana."

"Toka," akasema Sikudhani.

Nje, Chande alikuwa amekaa kwenye pipa lililogeuzwa, ametoka kazini, hajanawa bado. Habari ilikuwa imeshafika; Kambani habari haihitaji waya. Watu walikuwa milangoni. Hakuna aliyeshangilia. Nyumba zilikuwa zimesimama, na hilo lilikuwa jambo, lakini kila mmoja alijua kimeondoka nini kwenye mfuko ule wa plastiki, na kwamba kuna kingine cha kuandika, na kwamba safari hii nyapara atakaa ukurasa wa kwanza, na wageni wote wa mezani kwa majina yao.

Chande alimtazama kiganja kilichochanika. Hakumpa pole, maana yeye alikuwa na akili.

"Nimesikia umemvuta yule bwana," akasema.

"Nimemvuta."

"Katoka?"

Sikudhani akaketi kando yake kwenye pipa, akasogea kidogo kwa ajili ya harufu, akarudi.

"Bado," akasema. "Anashukuru."